Hukumu kabla ya ukurasa: kisa cha kikundi cha wasomaji na riwaya ya Rosa Mistika

Kisa hiki kinahusu kikundi cha watu wazima wanaosoma riwaya za Kiswahili na kukutana mara moja kwa mwezi kuzijadili. Nilikuwa katibu wakati haya yanatokea, na ninaandika kwa kutumia daftari la kumbukumbu za vikao, kwa ridhaa ya waliohusika. Majina hayamo. Kila mtu nimemwita kwa kazi yake, na pale ambapo kazi ingemfichua nimeibadilisha.

Nimeona kinafaa kuandikwa kwa urefu kwa sababu vikundi vya wasomaji ni nadra kuvunjika kwa ugomvi. Hupungua. Mmoja anapata udhuru, mwingine anasahau tarehe, wa tatu anasema hajamaliza kitabu, na mwishowe wanabaki watu watatu wanaokubaliana juu ya kila riwaya. Sisi tulikuwa tumeshaanza kupungua, na hatukujua kwa nini.

Usuli

Kikundi kilianzishwa na marafiki waliosoma fasihi sekondari, wakatawanyika kwenye kazi zao, kisha wakagundua kwamba tangu mtihani wa mwisho hawakuwahi kufungua riwaya. Wakati wa kisa hiki tulikuwa kumi na mmoja. Kila mwezi mwanachama mmoja, kwa zamu, alichagua kitabu. Msimamizi wetu, mwanamke mwenye subira nyingi, aligawa nafasi za kuzungumza na kuangalia muda, mimi niliandika.

Aliyeheshimika kuliko wote alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha fasihi ya Kiswahili kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Hakuna aliyeamua kwamba yeye ndiye awe anafungua mjadala. Ila kila msimamizi alipouliza nani aanze, macho yote yalimgeukia, naye kwa ukarimu wake hakutaka tukae kimya.

Alifungua kwa utaratibu ambao yeyote aliyesoma fasihi ya Kiswahili shuleni anaujua. Fani upande mmoja: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Maudhui upande wa pili: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi. Sina ugomvi na utaratibu huo. Umewasaidia wengi kuona kwamba riwaya imejengwa na mtu aliyefanya uchaguzi, haikuota yenyewe. Lakini umeishi karibu mno na mtihani, na mtihani una mwongozo wa kusahihishia. Mtu aliyezoeshwa kutaja na kueleza dhamira nne, siku akiulizwa maoni yake, hutafuta jibu sahihi. Na jibu sahihi hukaa kwa mwalimu.

Ukipitia daftari langu la miezi iliyotangulia unaliona jambo hili kwa macho. Maneno ya Mwalimu yanajaza ukurasa. Anayemfuata ana mistari minne, wa baada yake mitatu, na kuanzia hapo nimeandika tena na tena neno moja: aliunga mkono.

Riwaya iliyochaguliwa

Zamu ilimwangukia Mwanafunzi, binti wa chuo, mdogo kuliko sote. Alichagua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya kwanza ya mwandishi huyo, iliyotoka mwaka 1971. Inamfuata Rosa, binti aliyelelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, asiyetaka kumwona karibu na mvulana yeyote. Rosa anaondoka nyumbani kwenda shule ya bweni, anakutana na uhuru ambao hakuna aliyemfundisha kuutumia, anapotea, na mwisho anajitoa uhai.

Ni vigumu kuisoma riwaya hii bila kutafuta mkosaji. Baba? Binti mwenyewe? Wanaume waliomtumia? Shule? Msomaji anafika ukurasa wa mwisho akiwa na hukumu tayari mdomoni, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Kikao cha kwanza

Mwalimu alifungua, na alisema vizuri. Alieleza kwamba Zakaria ndiye mzizi wa yote, kwamba mtoto aliyefichwa dunia akiwa chini ya macho ya wazazi ataikuta akiwa mbali nao, pasipo mtu wa kumuuliza. Akamalizia: dhamira kuu ni malezi, ujumbe ni kwamba mzazi asipite kiasi. Walimfuata watu wanne. Mhasibu alisema, “Mwalimu amemaliza yote.” Waliobaki niliwaandikia neno langu la kila siku.

Kisha ikafika zamu ya Mwanafunzi. Alisema hivi, nami niliandika karibu neno kwa neno:

“Nilikichagua kwa sababu nilisikia kinasifiwa, lakini nilipomaliza nilikuwa na hasira. Naona Rosa anachofanya. Naona wanaume wanavyomtazama. Lakini kila nikitaka kujua yeye mwenyewe anafikiri nini, msimulizi ananihamisha. Anakufa, na mimi bado simjui.”

Lilikuwa neno jipya la kwanza jioni ile. Mwalimu alimjibu kwa upole wa dhati, “Mdogo wangu, kitabu hiki kimehakikiwa na wasomi wakubwa kabla hujazaliwa.” Mwanafunzi akasema sawa, Mwalimu, na hakuongea tena mpaka tunaondoka.

Aliyefuata ni Fundi. Yeye naye alimpinga Mwalimu, tena waziwazi: “Mimi habari ya malezi siikubali. Sote tulichapwa. Dada zangu walichapwa na hawakuwa hivyo. Rosa alijitakia mwenyewe.” Wengine walicheka, wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyemkumbusha habari ya wasomi wakubwa. Hilo nililiona nilipokuwa nikisafisha kumbukumbu, na bado nadhani ni sehemu ya kisa: hoja mbili zilipinga uhakiki uliozoeleka, moja ya binti mdogo na moja ya mwanaume mtu mzima, na ni ya binti peke yake iliyodaiwa vyeti.

Halafu Muuguzi, ambaye kwa kawaida husema machache, alisema, “Mimi nilikuwa na baba kama Zakaria. Kuna mahali nilishindwa kuendelea, nikakiweka kitabu chini wiki nzima.”

Kimya. Fundi, na ninaamini kabisa alitaka kumtia moyo, akasema, “Lakini wewe dada, mbona hukuharibika?”

Muuguzi alifunga kitabu chake.

Maamuzi ya msimamizi, na sababu zake

Papo hapo alisitisha mjadala. Hakumtaka Fundi aombe radhi mbele ya watu. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kumweka Muuguzi katikati ya duara kwa mara ya pili, safari hii akiwa mtu anayeombwa msamaha na kutakiwa aseme si neno. Tulipanga tarehe ya kikao kijacho na kuagana.

Siku zilizofuata alizungumza na watu watatu, mmoja mmoja. Kwa Muuguzi hakuanza na ombi la kurudi. Alimuuliza kama angependa maneno yake yafutwe kwenye kumbukumbu. Muuguzi akasema ndiyo, nikayafuta. Yako hapa kwa sababu baadaye mwenyewe aliruhusu.

Kwa Fundi alisema, “Kaka, ulitaka kumsifu, lakini ulimsifu kwa kumpima na aliyekufa.” Fundi hakubisha. Alimtumia Muuguzi ujumbe wa kuomba radhi siku ile ile.

Mazungumzo na Mwalimu yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu hakukuwa na kosa la kumwonyesha. Alikwenda kumwona na kumwomba awe anazungumza mwisho. Mwalimu akauliza, “Nimesema vibaya?” Akamjibu, “Umesema vizuri mno, Mwalimu. Ukishasema, sisi wengine hatuna pa kuanzia.” Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akakubali.

Baada ya hapo alitoa uamuzi uliowagawa wanachama. Alisema hatuendi kwenye kitabu kipya. Tunarudi kwa Rosa Mistika, na safari hii kila mtu aje na nusu ukurasa alioandika nyumbani, bila jina. Ndani yake ataje mahali pamoja hasa katika riwaya, aeleze nini kilimpata alipofika pale, na hayo yatangulie lolote kuhusu uzuri au ubaya wa kitabu. Karatasi zitachanganywa, naye atazisoma kwa sauti.

Kulikuwa na shida ndogo ya kiutendaji. Nakala zetu zilikuwa za matoleo tofauti na namba za kurasa hazikulingana, kwa hiyo tulikubaliana kila mtu anakili maneno ya mwanzo ya aya anayoizungumzia. Jambo hilo dogo lilizaa faida kubwa, nitalirudia.

Mhasibu alipinga. Alisema alijiunga ili apumzike na kazi za kuandika, na kwamba hii ni shule imerudi kwa mlango wa nyuma. Msimamizi hakumshinda kwa hoja. Alisema tu tujaribu kikao kimoja.

Kikao cha pili

Walikuja watu wanane. Muuguzi hakuja, na Mhasibu alituma udhuru.

Karatasi zilianza kusomwa, na ndani ya dakika chache ilionekana kwamba ule umoja wa kikao cha kwanza haukuwahi kuwepo. Mmoja wa wale niliowaandikia kwamba waliunga mkono alikuwa amemkasirikia Regina, mama yake Rosa, kuliko Zakaria: alisema kila alipomwona mama anavumilia, aliona mlango ambao binti angeweza kupita ukifungwa. Mwingine aliandika kuhusu wanaume wenye vyeo wanaomtumia Rosa na kuendelea na maisha yao; akasema kinachomuuma ni kwamba kitabu hakiwafuatilii kwa hasira ile ile. Mwingine hakuuamini mwisho. Alihisi kifo kimekuja haraka, kana kwamba hadithi ilihitaji mtu wa kuadhibiwa. Na mmoja aliandika, kwa unyoofu uliowafurahisha wote, kwamba aliipenda kwa sababu sentensi ni fupi na usiku ule hakulala mpaka alipoimaliza, na hajui kama hayo ni maoni.

Ni maoni. Tena ni ya thamani, kwa sababu yanaeleza kitu ambacho kitabu kilimfanyia msomaji.

Kisha ikasomwa karatasi hii, ambayo mwenyewe ameniruhusu kuinukuu: “Nimefundisha riwaya hii darasa baada ya darasa. Kila nilipokaribia mwisho niliwaambia wanafunzi wakamalizie nyumbani, kwa sababu sikuweza kuusoma kwa sauti mbele ya mabinti. Nilisema dhamira ni malezi kwa kuwa malezi ni neno ninaloweza kulisimamia mbele ya darasa. Ninachokisikia nikiwa peke yangu na kitabu hiki ni aibu ya kuwa mwanaume.”

Hakuna aliyesema kitu. Mwalimu akainua mkono kidogo. “Hiyo ni yangu.”

Kisha akamgeukia Mwanafunzi. “Mdogo wangu, ile hoja yako kwamba humjui Rosa. Nionyeshe ni wapi.”

Muda uliobaki karibu wote uliishia hapo. Mwanafunzi alikuwa na aya zake, Mwalimu akafungua nakala yake na kutafuta nyingine ambazo, kwake yeye, mawazo ya Rosa yanasikika. Wengine waliingia wakiwa na aya zao. Hawakukubaliana. Mwanafunzi alishikilia kwamba kusikia mtu akijuta si sawa na kumsikia akifikiri, na Mwalimu alishikilia kwamba riwaya inayomweka msomaji mbali na mhusika wake huenda inamfanya msomaji aionje ile hali ya kutosikilizwa. Nilijaza kurasa sita, na sikuandika neno “aliunga mkono” hata mara moja.

Jambo moja liliharibika. Karatasi moja haikuhusu riwaya. Ilisema aliyechagua kitabu anatafuta sifa kwa kukisema vibaya kitabu kikubwa. Msimamizi aliisoma kimoyomoyo, akaiweka kando, akatuambia ameiacha moja kwa sababu inamzungumzia mwanachama. Mtu mmoja alilalamika: kama tulikubaliana zote zisomwe, zisomwe zote. Msimamizi alikataa, na malalamiko hayo yaliendelea hata nje ya kikao.

Matokeo

Mhasibu alijitoa. Aliagana nasi kwa amani na kusema kikundi kimekuwa kizito kuliko alivyotaka. Tulimpoteza mtu aliyesoma kila kitabu mpaka mwisho.

Muuguzi alirudi kikao kilichofuata, tulipokuwa tunasoma Nagona, riwaya nyingine ya Kezilahabi, ya mwaka 1990. Hakueleza kwa nini amerudi na hakuna aliyemuuliza. Nagona ni kitabu kifupi lakini kigumu. Hakina hadithi inayokwenda hatua kwa hatua kama zilivyo riwaya nyingi, na wengi wetu hapo zamani tungesubiri Mwalimu atuambie maana yake. Safari hii karatasi tatu zilisema waziwazi, sikuelewa, na kila moja ilitaja mahali ambapo mwandishi wake alianza kutoelewa. Mahali hapo hapakuwa pamoja. Fundi alisema alipoacha kuitafuta hadithi ndipo alipoanza kuona picha, na sentensi hiyo ndiyo iliyotufungulia kitabu.

Utaratibu umebaki, ila umelegezwa. Anayetaka kuandika jina lake anaandika. Mwalimu huzungumza mwisho, na mara nyingine husema hana la kuongeza.

Uchambuzi: kwa nini watu walikubaliana na jambo ambalo hawakuliamini

Mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya majaribio Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 ambayo yanaeleza kikao chetu cha kwanza kuliko maelezo yoyote ya tabia zetu. Mtu aliulizwa ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana na mstari mwingine, jambo linaloonekana kwa macho. Waliokaa naye walikuwa wameelekezwa kutoa jibu lisilo sahihi kwa pamoja. Katika raundi hizo, karibu theluthi moja ya majibu ya washiriki yalifuata kosa la kundi, na walio wengi walifuata kundi angalau mara moja. Waliporuhusiwa kuandika jibu kwa siri, kufuata huko kulishuka sana.

Na mstari unapimika kwa rula. Maoni juu ya riwaya hayana rula, na anayetangulia kusema ni mtu aliyekuzidi umri na elimu, na unampenda. Hakuna aliyedanganya kikao kile. Nadhani wengi walihisi tu kwamba walichokuwa nacho ni kidogo mno, kwamba kumkasirikia Regina si “dhamira”. Karatasi ilisaidia kwa sababu maoni yaliandikwa kabla hayajakutana na maoni makubwa zaidi.

Kumpeleka Mwalimu mwisho nako kulikuwa sahihi, na hata namna ya kumwomba ilikuwa sahihi. Kikundi kingeweza kumwona yeye kuwa tatizo. Hakuwa. Karatasi yake ilionyesha kwamba utaratibu ule wa kufungua mjadala ulikuwa umemfunga yeye kuliko yeyote. Kwa miaka yote alikuwa msomaji asiye na mahali pa kusema alichosoma.

Uchambuzi: kutokuwa na jina kunafaa nini na hakufai nini

Mhakiki wa fasihi I. A. Richards, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliwapa wanafunzi mashairi yasiyo na majina ya washairi, wakaandika maoni yao kwa uhuru. Mwaka 1929 alichapisha matokeo, na yaliwashtua wengi: wasomaji waliofunzwa walikosea maana za wazi, na mara nyingi walimpa mshairi hisia walizokuja nazo mfukoni badala ya zile zilizomo kwenye shairi. Pale lilifichwa jina la mshairi, kwetu lilifichwa jina la msomaji, lakini somo linafanana. Kuondoa jina kunaondoa hofu ya cheo. Hakumfanyi mtu asome vizuri zaidi, wala hakumfanyi awe mwema.

Ndiyo maana ninaona kanuni ya kutaja aya ilikuwa na nguvu kuliko kanuni ya kutotia jina. Aliyenakili maneno ya mwanzo ya aya alilazimika kuifungua upya, na mara nyingi aliigundua si kama alivyoikumbuka. Ile karatasi mbaya haikuwa na aya hata moja. Msimamizi angeweza kuikataa kwa kanuni hiyo tu, bila kuingia kwenye ubishi wa kama anazuia maoni, na kwa kutosema hivyo aliacha uamuzi uliokuwa wa haki uonekane kama upendeleo.

Uchambuzi: “wasomi wameshasema”

Hoja hii ina uzito wake. Uhakiki wa watangulizi unastahili kusomwa, na msomaji anayeupuuza hujikuta akigundua upya yaliyogunduliwa zamani. Lakini kitabu chenyewe kinaikataa kama jibu la mwisho. Rosa Mistika ilipotoka ilizuiwa kutumika mashuleni. Baadaye ikaruhusiwa na kufundishwa. Kurasa ni zile zile. Wenye mamlaka ya kusema wakati mmoja waliona haifai mikononi mwa wanafunzi, na wakati mwingine wakaona inafaa. Kama msimamo wa wakubwa juu ya riwaya hii umewahi kugeuka kiasi hicho, swali la binti wa chuo, kwamba kwa nini simjui Rosa, lina haki ya kuulizwa na kujibiwa kwa kitabu kikiwa wazi. Mwalimu alilijibu hivyo katika kikao cha pili, na ndipo hoja ya binti na ujuzi wa mzee viliponufaishana.

Uchambuzi: “alijitakia mwenyewe”

Sentensi ya Fundi ni maoni halali ya msomaji, na sikubaliani na wale waliosema baadaye kwamba isingetamkwa. Kasoro yake ni kwamba ilitolewa kana kwamba Rosa ni jirani aliyefariki mtaani, na sisi ni wazee wa baraza. Rosa ni mhusika; kila tunachojua juu yake kimechaguliwa na mtu. Fundi angesema, kwa mfano, “Kuanzia aya ile nilianza kuacha kumhurumia, nikaona anachagua,” kikundi kingepata cha kufanya. Tungeifungua aya. Tungeuliza ni nini katika usimulizi kimemfanya aone uchaguzi pale ambapo mwenzake aliona mtu aliyesukumwa. Ukali wake ungebaki vilevile, ila ungekuwa na mahali pa kushikika.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayesema hakupenda. “Sikupenda” ni habari ya msomaji, “kibaya” ni habari ya kitabu, na kati ya hayo mawili kuna kazi ya kufanywa. Mwanafunzi aliifanya tangu siku ya kwanza: alianza na hasira, akataja kinachoisababisha. Hakuhitaji kufundishwa na mtu, alihitaji kujibiwa.

Uchambuzi: maisha ya msomaji yakiingia mezani

Mtaalamu wa fasihi wa Marekani, Louise Rosenblatt, aliandika mwaka 1938 kwamba kazi ya fasihi huwa hai pale maandishi yanapokutana na msomaji, pamoja na yote aliyopitia. Kwa mtazamo huo Muuguzi hakutoka nje ya mada hata kidogo. Kusema kwamba alikiweka kitabu chini wiki nzima ni ushahidi juu ya nguvu ya riwaya, na pengine ulikuwa ushahidi mzito kuliko wote tuliousikia.

Hapa ndipo ninapoona kikundi kilishindwa zaidi, na karatasi zote zile hazikurekebisha. Hatukuwa na makubaliano yoyote juu ya mtu anayezungumza kutoka maishani mwake. Fundi alijibu maisha ya mtu kwa namna tunavyojibu hoja, kwa sababu ndiyo namna pekee aliyoizoea mezani petu. Na uamuzi wa msimamizi wa kulimaliza jambo faraghani ulimlinda Muuguzi, lakini uliiacha ile sentensi imesimama mbele ya wengine tisa walioisikia. Yeyote kati yao mwenye baba kama Zakaria aliondoka akiwa amejifunza kwamba kusema kuna gharama. Ninaheshimu sababu zake, ila naamini angeweza kusema neno moja kwa wote kabla hatujaagana: kwamba mwenzetu ametupa kitu kikubwa, na leo hatutakijadili. Neno hilo lisingemtaka Muuguzi ajibu chochote.

Yaliyobaki

Sasa tuna kanuni moja ya mdomo. Mtu akitaja maisha yake, hakuna anayemjibu mpaka mwenyewe aseme kama anataka kujibiwa. Imetumika mara chache. Muuguzi aliwahi kuitumia, akasema anataka, na Fundi akawa wa kwanza kumuuliza swali, kuhusu aya aliyoitaja.

Tusilolimaliza ni habari ya wasiomaliza kitabu. Wengine wanasema asiyefika mwisho asizungumze. Wengine, na mimi nimo, tunaona kwamba mahali mtu alipokiacha kitabu ni maoni yenyewe, mradi apataje. Zamu inayofuata ni ya Mwalimu. Amechagua riwaya ambayo anasema hajawahi kuifundisha, na ameomba karatasi yake isomwe pamoja na za wengine.